Ukurasa wa Sitini na Tatu

Nyuma ya duka la Woniala, mjini Mbale,
panapochapwa mialiko ya ndoa na ratiba za mazishi
kwa wino uleule,
nina kiti, feni isiyozunguka,
na kompyuta iliyong'oka kitufe cha H
(ndiyo maana kwetu watu wote hufunga arusi).
Hapo nimekipiga picha kitabu cha Kiswahili cha kidato cha pili,
kurasa mia mbili na kumi na mbili,
mvua ikiteremka kutoka Wanale kama mtu anayekuja kudai.

Kitabu ni cha Khainza.
Macho yalimuaga akiwa darasa la tatu;
masikio yakarithi shamba lote.

Kompyuta husoma kila inachokiona,
na taabu ndiyo hiyo.
"Ng, alama ya dola, ombe," inatamka
kwa sauti ya mgeni aliyeshuka jana,
"wa babu walitoroka, arobaini na moja, usiku wa manane."
Arobaini na moja si hesabu ya ng'ombe.
Ni namba ya ukurasa
imeruka ua wa sentensi, ikajichanganya na kundi.

Basi nikawa mchungaji.
Usiku baada ya usiku nawatoa dola ng'ombe,
nafukuza namba moja moja
hadi sentensi zikaanza kupumua.
Umeme ukikatika nakaa gizani najiambia:
sasa mimi na Khainza tuko sawa.
Uongo. Mimi gizani nangoja.
Yeye hangoji kitu, anaendelea kukunja nguo.

Ukurasa wa tisini una picha,
na chini yake neno moja tu: Mbuni.
Nikaandika, "Picha ya mbuni," nikasonga mbele.
Asubuhi simu ikalia.
"Ni mbuni yupi, au ni mbuni upi?
Anakimbia huyo, au unachumwa?"
Nikarudi kutazama. Shingo ndefu,
miguu ya mdaiwa, mabawa ya bure.
Na mimi, niliyesomeshwa kwa debe za kahawa,
nilikuwa nimeuona mti.

Yeye husikiliza kwa kasi mara mbili na nusu.
Nikisogeza sikio nasikia bisi zikipasuka sufuriani;
yeye anasikia babu, zizi, mwezi,
hata kosa langu la koma.
"Nyinyi wenye macho," anasema,
"mnasoma polepole, jamani. Hamchoki?"

Siku ya kumkabidhi nilivaa shati la kola.
"Nimeondoa namba zote," nikajigamba,
"kitabu chako kinateremka kama uji."
Alinyamaza. Kidole chake kikawa kinapima ukingo wa meza,
kwenda, kurudi.
"Mwalimu Nambozo akisema
fungueni ukurasa wa sitini na tatu,
wenzangu wanafungua.
Mimi nifungue wapi?"

Nilikuwa nimefagia nyumba
nikafagia na milango.

Siku nne nyingine. Woniala akanikumbusha kodi ya kiti.
Nikaikata sauti vipande mia mbili na kumi na viwili,
kila kipande na namba yake mgongoni
kama wanariadha wa shule.
Nikavipanga kwenye kadi ndogo kuliko ukucha,
kadi nikaichomeka kwenye redio ya mkononi, ile yenye vitufe.
Ukurasa wa kumi na saba mashine ilikataa katakata kulisoma shairi,
nikalisoma mwenyewe, na kikohozi changu,
na jogoo wa jirani, ambaye hana haki ya kunakili lolote.

Jumatatu jioni akapita dukani,
fimbo yake ikigonga ngazi mara tatu, kama kawaida.
Nikamuuliza, ilikuwaje?

Mwalimu alitaja ukurasa, akasema.
Karatasi zikaanza kuchakarika darasa zima,
watu wakilamba vidole,
wakipita mbele, wakirudi nyuma,
mmoja akinong'ona, "Ngapi? Amesema ngapi?"

Sita. Tatu.

"Nilifika kwanza," akasema Khainza,
"nikawangoja."