Nyekundu ya Barabara ya Nane

Miaka ishirini na mitatu nimeiandika Tanga kwa brashi:
BUCHA. DAWA BARIDI. TUNACHAJI SIMU.
USIKOJOE HAPA, FAINI ELFU KUMI,
na kwa hilo la mwisho nilidhulumiwa nusu ya malipo.
Kisha ikaja mashine inayotapika turubai
yenye picha ya mtu anacheka, kwa saa moja.
Rangi zikakaukia koponi.

Sasa saa moja asubuhi nipo juu ya baiskeli,
Makorora hadi chuoni, Chumbageni.
Nakaa safu ya nyuma, kati ya watoto
wasiojua tapentaini inanukaje.
Wananiita Mjomba Brashi. Naitika.

Mwalimu Mwajabu Mhando, rika la binti yangu wa pili,
kaandika ubaoni: KILICHOFUNGULIWA KIFUNGWE.
Mabano, alama za nukuu, mlango wa maabara.
Muhula uliopita, anasema, mlijenga banda la makuti.
Muhula huu ni ghorofa:
ukurasa unaojikunja kufuata kioo cha mtu,
unaokumbuka mgeni alichagua nini jana,
unaoiuliza seva jambo na kungoja jibu
bila kuganda kama mtu aliyekutana na mdai wake.

Kungoja. Juu ya kungoja tumekaa wiki tatu.
Kumbe kuna namna ya kuiambia kompyuta: umeahidiwa,
endelea na mengine, jibu litakuja,
na lisipokuja, uwe umejiandaa.
Nilicheka peke yangu.
Somo hilo wateja walinifundisha bila ada.

Usiku wa Jumanne ukurasa wangu ulikuwa mweupe pe.
Niliusoma mstari kwa mstari mpaka herufi zikawa siafu.
Zubeda Semkiwa, miaka kumi na tisa, akapita na soda yake,
akaweka kidole kwenye kioo:
nukta mkato, mstari wa arobaini na mbili.
Hakukaa hata kunicheka.

Kesho yake nikalipa deni.
Nikamwambia, kichwa chako cha habari kimeelemea kushoto.
Akabisha. Akapima. Pikseli mbili.
Umeonaje?
Ukisimama juu ya ngazi inayoyumba, mwanangu,
jicho hujifunza unyoofu lenyewe.

Kazi ya mwisho: tovuti ya mtu halisi, biashara halisi.
Nikamchagua Mbwana Kihiyo, kinyozi, Barabara ya Nane.
Bango lake nililichora mwaka aliooa mke wa kwanza:
vichwa vitatu vyenye panki, mkasi,
na jina kwa nyekundu niliyoikoroga mwenyewe
kwenye kopo la maziwa, kwa jicho.
Kompyuta haijui kwa jicho.
Inataka alama ya reli na tarakimu sita.

Nikaenda na simu kuikamata nyekundu yangu.
Jua lilishanitangulia.
Jina la Mbwana lilikuwa rangi ya ufizi wa mtoto.
Simu ikanipa tarakimu sita za ufizi.
Nyekundu yenyewe haina namba popote,
imo kichwani mwangu tu, na siwezi kuiapia.

Nikatengeneza kurasa mbili,
moja kali kama pilipili, moja imechuja kama bango.
Nikamkuta Mbwana, mteja ana povu nusu ya uso.
Akafuta mikono kwenye aproni, akaishika simu, akailaza;
ukurasa ukajipanga upya, ukatii, herufi hazikugongana,
nami nikashusha pumzi niliyoibana tangu Oktoba.

Hii, akasema, akigonga iliyochuja. Hii ndiyo yangu.
Ile nyingine ni ya duka gani?

Mwalimu Mwajabu kanipa sabini na nane.
Pembeni kaandika: rangi ya jina haisomeki vizuri.
Ni kweli. Hata bango lenyewe halisomeki,
na Jumamosi foleni ya Mbwana inafika mpaka kwa fundi baiskeli.