Mpangaji wa Kutaisi

Miaka arobaini, Ilarion, ulisimama mbele ya vijana wa Kutaisi,
chaki mkononi, ukawafundisha
kwamba roho ni mpangaji,
mwili ni chumba cha kukodi chenye paa linalovuja,
na mwenye busara hapigilii misumari ukutani.
Kisha ulirudi nyumbani na njaa.
Mpangaji alikula mikate miwili.

Huu ni mwezi wa tano tangu mshipa upasuke kichwani mwako
ukiwa umeinama, unafunga kamba za kiatu.
Maneno yalikutoka moja moja
kama wageni wanaotafuta makoti yao.
Kijiko unakiita daraja.
Mimi unaniita Jumanne.
Sinuni. Nimewahi kuitwa vibaya zaidi na watu wenye akili timamu.

Asubuhi nakuogesha.
Nakuinua kwapa, nakugeuza, nakusugua mgongo
ambao, kwa mujibu wa vitabu vyako, si wewe.
Basi ni nani huyu anayetetemeka maji yakipoa?
Nani anayefunika uchi wake
kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu?
Sijaona bado
ukuta ukiinamisha macho.

Gocha, mwanafunzi wako, alikuja na mfuko wa jozi.
Alikaa ukingoni mwa kiti kama mdaiwa,
na alipokuwa akiondoka akaninong'oneza mlangoni:
"Profesa mwenyewe yu salama humo ndani.
Kinanda ndicho kilichokatika nyuzi,
mpigaji hajambo."
Nilimshukuru kwa jozi.

Usiku sikulala. Yuko wapi huyo mpigaji?
Amekaa gizani, mikono mapajani, akimngoja fundi?
Na mimi niliolewa na yupi?
Aliyenishika kiuno ile siku kando ya Rioni,
mto ukiviringisha mawe yake meupe,
alikuwa kinanda au mpiga kinanda?
Mkono ule ulikuwa na jasho.
Kiwiliwili: ukilisikiliza neno, ni kama wawili, wawili,
lakini hulitamka
kwa pumzi moja.

Sasa nikwambie la Jumamosi, maana ulikuwepo
na sijui kama unalo.
Niliwasha tanuri. Nikakuweka karibu na joto,
gurudumu la kiti nimelizuia kwa tofali.
Nikageuka kutafuta chumvi.
Nilipogeuka tena
mkono wako wa kushoto ulikuwa ndani ya unga.

Mkono ambao tangu tuoane haukukanda hata tonge!
Kiganja kikasukuma, vidole vikarudisha,
gumba likabonyeza katikati,
likasubiri, likabonyeza tena:
vilevile alivyokanda marehemu mama yako kule Oni,
wewe ukiwa mtoto chini ya meza yake,
kabla hujasoma kwamba huna mikono.
Mwisho ukachora msalaba juu ya donge
kwa ubavu wa kiganja. Wewe,
uliyekuwa ukitabasamu kwa huruma nikiwasha mshumaa.
Ukanitazama. Ukasema:
"Mkate."
Neno la kwanza kukaa mahali pake tangu theluji.

Nililia nikiwa nimeshika chumvi.

Padre hutuambia tutafufuka na nyama zetu.
Zamani nilicheka kimoyomoyo: magoti haya, ya nini huko?
Sasa namwomba Mungu kwa ukali kidogo:
ukinirudishia Ilarion, mlete na kovu la kidevu,
na koromeo lake linalopanda na kushuka akimeza,
na harufu ya chaki kwenye mkono wa shati.
Usinipe roho tupu.
Sitajua nimshike wapi.

Umelala. Mdomo wazi, unga bado kuchani.
Sijaukwangua.
Kesho ni Jumanne,
utaniita nami nitaitika.