Kal

Mjukuu ameshuka kutoka Toronto na begi la magurudumu
na Kiingereza peke yake.
Bibi yake, Vimla, tangu kiharusi cha mwezi wa tatu,
Kiswahili kimemtoka chote, hata cha kupunguza bei,
kimebaki Kihindi cha utotoni.
Katikati nimewekwa mimi, Aikande,
niliyepima vitambaa dukani kwake, Dabo Rodi, Moshi,
miaka ishirini na sita,
nikiokota maneno yao sakafuni
pamoja na vipande vya bitana.

Siku ya kwanza kazini alisema, "Acha, acha,"
nami nikaiacha doria nyeupe, ikalala kwenye vumbi.
Kumbe kwao acha ni sawa, vizuri, nimesikia, endelea.
Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la sari.
Kwa hiyo, Tarun, bibi akikwambia acha
usimwachie mkono.

"Khana khaya?" Umekula?
Ameuliza mara nne na saa sita haijafika.
Kwa Kiingereza changu limetoka kama swali la nesi
mwenye faili.
Kijana akajibu kwa orodha: mkate, yai, juisi.
Nikamtafsiria bibi: amekula, ameshiba, anakupenda.
Nimeongeza, najua.
Fundi huacha inchi moja ya pindo.

"Main ati hun," anasema nikimwinua kwenda msalani.
Yaani naja. Na huku anaondoka.
Kijana akakunja uso: anakuja, au anakwenda?
Hata kwetu, nikamwambia,
mtu haagi mlangoni kwa kusema anakwenda.
Anakuja. Tunamsubiri hivyo hivyo.

Lililonitoa jasho ni "dil nahi lagta."
Moyo haushiki.
Nikampa neno la Kiingereza la mtu asiye na la kufanya,
nikalirudisha.
Nikampa la upweke, likampwaya,
koti la mitumba la Kiborloni.
Mwisho nikashika kifungo cha shati lake mwenyewe,
nikakizungusha juu ya tundu, kisiingie.
Akasema, ah.
Halafu akatazama dirishani muda mrefu.

Leo asubuhi bibi amemshika kidole:
"Kal, beta. Kal."
Kal ni jana. Kal ni kesho pia.
Kitenzi ndicho huamua,
na kiharusi kimekula kitenzi.
Jana kijana alimsomea barua za babu, asizozielewa hata yeye.
Kesho ana ndege, saa kumi na moja jioni, KIA.
"Anasema nini?" ananiuliza,
kalamu juu ya daftari.

Kidato cha nne nilipata B ya Kiingereza.
Haikunifundisha hili.

"Bas," akasema bibi, akafumba macho.
Hilo mimi sikulitafuta popote,
ni basi, ni letu sote.
Lakini kijana bado ananitazama,
kalamu haijashuka.