Moja kwa Moja

Msanifu majengo alishuka Majengo Jumanne asubuhi,
viatu vyake vya ngozi vikikwepa vyuma vyangu,
kwapani bomba refu la ramani.
Nikasema moyoni: leo riziki imejileta,
labda geti, labda kenchi za paa la kanisa.

Nilimjua. Yeye hakunijua.
Mwaka ule wa hosteli ya ghorofa tatu, kule Rau,
mimi nilikuwa mtoto wa karai, zege begani,
na yeye, Anansia Lyatuu, kofia nyeupe, futi kamba mkononi,
alipanda ngazi mara moja tu, akashuka, akasema:
"Kipandio cha saba kimezidi sentimita mbili. Vunjeni."
Tukavunja. Tukamsema hadi jioni.
Mpaka leo hakuna aliyejikwaa pale.

Basi akaitandaza karatasi juu ya meza,
kona moja nyundo, kona nyingine koleo,
nami nikainama kulitafuta geti.
Nikaona ndizi.

Ndizi mshare, mbichi,
imechorwa kwa juu, imechorwa kwa ubavu,
imepasuliwa katikati kama nyumba inavyopasuliwa
ili mwenye pesa aone vyumba;
ganda na unene wake, milimita tatu na nukta,
na juu yake kitu kama kijiko kilichogombana na wembe.

"Kimenyeo," akasema.
"Mama yangu vidole vimekunjamana, kisu kinamtoroka.
Na mtori wa ndizi zilizomenywa na mwingine hautaki."

Chini kwenye kona, panapoandikwa kipimo,
nimezoea kuona moja kwa hamsini, moja kwa mia.
Pale paliandikwa moja kwa moja.

Akavuta ndoo tupu ya rangi, akakaa.
"Miaka thelathini na moja nachora vikubwa viwe vidogo.
Hiki ndicho cha kwanza kukichora kilivyo.
Na majiko? Nimechora ya shule, ya hospitali, ya wenye nazo wa Shanti Tauni:
tatu kwa mbili na nusu, nyuma, karibu na tangi.
Sikuwahi kuuliza anayemenya atakaa wapi,
goti atalikunjia upande gani."
Sikuwa na jibu. Nikawasha mashine.

Cha kwanza nilikikata kwenye msumeno uliokufa:
kikala ganda, kikala na ndizi.
Cha pili kikamenya vizuri, mara tano,
kisha utomvu ukakigandisha kama ahadi ya diwani.
Cha tatu akakishika, akakipima, akasema
mpini umezidi milimita mbili.
Nikacheka peke yangu. Sentimita zimepungua,
mwanamke ni yule yule.

Cha nne tulikipandisha wote wawili hadi Machame.
Mama yake, Aikande, alikuwa uani na karai la mshare.
Akakigeuza, akakigeuza tena.
"Chuma baridi," akasema,
akachana upindo wa kanga kuukuu,
akauzungusha kwenye mpini mara tatu,
fundo akalikaza kwa meno.

Ganda likatoka refu, likajikunja miguuni pake.
La pili. La tatu. Kwenye la saba
akaniangalia mimi, si binti yake:
"Fundi, utasubiri mtori?"

Nimeona vibali vya halmashauri, mihuri mitatu, sahihi nne.
Hakuna kilichowahi kumkalisha chini Anansia Lyatuu
namna alivyokaa pale, kwenye majani, na suruali yake ya kazi,
akaiweka ramani gotini, akatafuta kalamu,
akaandika pembeni:
Rekebisho la nne: kitambaa.
Unene: muulize mama.

Ramani ile ninayo, nimeibandika juu ya mtungi wa gesi.
Ina doa jeusi la utomvu, halitoki,
limemeza moja ya kwanza, imebaki "kwa moja".
Wateja wa mageti wakiiona wanauliza,
fundi, hii ni ramani ya nini?
Nawaambia, ya jiko.