Herufi A

Laki tatu na elfu arobaini
nimezifunga kwenye pindo la khanga ya ndani,
na si zangu.
Ni za wanawake ishirini na saba wa kikoba chetu, Mbagala Kizuiani,
walionyoosha mikono Jumapili
baada ya mchwa kula daftari la tatu
kuanzia ukurasa wa madeni.
Wadaiwa waliwashukuru mchwa.
Mimi, katibu, niliwalaani.

"Mwamvua, katununulie kompyuta," wakasema.
"Lakini risiti tuione."

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kijana wa kwanza
ananionyesha dubwana jeusi, tumboni taa za bluu na nyekundu
kama ukumbi wa harusi.
"Hii, mama, inacheza gemu zote."
Mwanangu, mimi nacheza marejesho.
Nataka kuandika nani kaleta elfu tano
na nani kaleta maneno.

Wa pili ana laptopu, nyembamba kama chapati ya mgahawani.
"Unabeba popote."
Hapo ndipo ninapoogopa:
kinachobebeka popote hubebwa na yeyote.
Nipe kitu cha kukaa mezani, kizito,
mwizi akikitazama aufikirie kwanza mgongo wake.

Nyuma ya risiti ya Luku, Fundi Mkude ameniandikia:
*Ramu nane. Diski ile isiyozunguka.
Iwashwe, uione ikiwaka. Usinunue mdomo.*

Nikapanda ngazi hadi kwa Temba,
mashine zimepangwa kama matofali hadi darini.
"Zimetoka maofisini Ulaya. Hazijachoka, mama, zimestaafu."
Kama mimi, nikamjibu,
ila mimi hakuna aliyenipakia kwenye kontena.

Akacheka, akaiwasha moja.
Ilikuwa ndiyo kwanza inafumbua jicho,
umeme ukakatika.
Mtaa mzima jenereta zikaanza kukohoa,
na sisi wawili gizani tukitazama kioo kilichokufa.
"Na hilo je?" nikauliza.
"Kuna betri ya kuilinda. Sitini."

Nikahesabu kwa vidole chini ya khanga.
Kioo kipana nikakirudisha, na kilikuwa kizuri, sitasema uongo.
Nikachukua kile kidogo chenye mkwaruzo pembeni: arobaini na tano.
Mashine, baada ya mabishano na maji ya kunywa: laki mbili na thelathini.
Betri: sitini.
Macho yangu yatabana kidogo. Daftari halitakufa.

"Kibodi bure, chagua."
Lilikuwepo boksi zima, nikapekua kama anayechagua dagaa.
Moja ilikuwa na herufi za wenyewe huko:
o iliyochomwa mkuki, a iliyovishwa pete kichwani.
E yake imefutika kabisa.
Walikuwa wakisemezana nini wale, e, e, mchana kutwa?
Lakini A ilikuwa nyeupe pee, kama haijaguswa.
Nikaikumbatia.
Maana sisi bila A tungeandika nini?
Akiba. Amana. Salama binti Mwanahamisi.
Hata hapana.

Ikabaki elfu tano.
Bajaji hadi Kizuiani nililipa mfukoni mwangu,
hiyo sikuiandika.
Ile elfu tano niliiandika, mstari wa kwanza kabisa,
kwa vidole viwili, jasho likinitoka,
na wote ishirini na saba mlangoni
wakiipitisha risiti mkono kwa mkono,
hata wasiojua kusoma, wakiigeuza nyuma na mbele.

Huo ulikuwa mwaka juzi.
Umeme umekatika mara ngapi, sijui; betri inalia, nahifadhi, nazima.
Mchwa wamehamia kwenye fremu ya dirisha.

Jana Bi Sikujua, aliyetia dole gumba miaka yote,
aliketi kwenye kiti changu, akavaa miwani yangu,
akataka kuandika jina lake mwenyewe.
S akaiona. I akaiona. Akafika mwisho,
kidole kikabaki hewani.
"A iko wapi, Mwamvua?"

Ile isiyo na kitu, nikamwambia.
Ile tuliyoimaliza. Bonyeza hapo.