Angalau Moja

Kalamu chini, saa sita kasorobo.
Msimamizi akalamba kidole, akahesabu karatasi zetu,
akalamba tena, akahesabu tena,
nasi tukatoka kimya
kama watu waliomwagiwa maji ya Mei.

Kimya hakikufika getini.
Mbonea ndiye aliyekitoboa:
"Swali la saba. Zile gololi. Mmepata ngapi?"

Na tulikuwa tumeapa, jamani!
Jana usiku bwenini, kwa mwanga wa simu ya kuficha,
tuliapa kwamba mtihani ukiisha umeisha,
atakayeuliza jibu atafua soksi za wote.

"Mbili juu ya saba," nikasema, kifua mbele.
Aikande hakujibu.
Aliinama kufunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.
Ukimwona Aikande anafunga kiatu, ujue umekosa.

Kando ya barabara ya kwenda Rau
Mama Ndetaramo alikuwa ametandika gunia.
Barikieli akachuchumaa kwenye maparachichi yake,
akayaminya moja moja, akayatenga:
matatu laini, matano magumu kama mawe ya mtoni.
"Huu ndio mfuko wenyewe," akasema.
"Ukiminya utanunua," akasema Mama Ndetaramo.

"Toa mawili bila kurudisha.
Mtunga swali anakwambia: angalau moja limeiva.
Hakusema la kwanza.
Hakusema lililo mkono wa kulia.
Kasema angalau, kanyamaza."

Tukahesabu kwa ukucha kwenye tope.
Jozi zote, ishirini na nane.
Magumu matupu, kumi. Futa.
Zimebaki kumi na nane,
na zilizoiva pande zote mbili ni tatu tu.
Tatu juu ya kumi na nane.
Moja juu ya sita.
Mvua ya rasharasha ikaanza kufuta hesabu
lakini mimi nilikwisha kuiona.

Kwenye karatasi, kwa Kiingereza,
lilikuwa vijineno viwili vifupi,
nikavipita kama umpitavyo mtu anayekudai.
Neno ambalo kwetu halitoki mezani!
Siku baba aliporudi kutoka machimbo ya Mirerani
na begi lenye shati moja na kikohozi,
bibi alimtazama toka miguuni hadi kichwani
akasema: angalau amerudi.
Ng'ombe alikufa, angalau ndama yupo.
Ada haikutimia, angalau nusu.
Nimelelewa na neno hili,
limenifunga vifungo vya sweta asubuhi za baridi,
na leo limenijia limevaa suti
nikaliuliza, samahani, wewe nani?

"Ni alama nne," nikasema.
"Wanaangalia na njia," akasema Aikande, kiatu kimeshafungika.
"Labda watakupa moja."
"Angalau," akasema Mbonea,
kisha akaona uso wangu, akatamani kulimeza.

Mama Ndetaramo akanyoosha kiganja.
Tukachanga sarafu, mia na hamsini na mia,
tukafumba macho, tukachukua mawili.
La kwanza tulilila pale pale kwa chumvi ya karatasi,
watu wanne, kijiko kimoja cha Barikieli.
La pili lilikuwa jiwe.
Nimelifunga kwenye karatasi ya rafu,
yenye ile mbili juu ya saba katikati,
nikalitia kwenye begi pamoja na bikari.
Litaiva Jumamosi.
Matokeo ni Julai.

Jioni Mbonea alifua soksi nyuma ya bweni,
akazianika, akazihesabu:
kumi na tano.
Akahesabu tena, akalamba kidole.
Hakuna aliyethubutu kuuliza uwezekano.
Kesho karatasi ya pili.