Gorogoro Nne

Fomu imefika Webuye kwa pikipiki ya mkuu wa shule:
kurasa mbili, muhuri, visanduku vitatu.
Sayansi. Jamii. Sanaa na Michezo.
Tia alama kimoja. Usikunje.

Mimi nafundisha hesabu Gredi ya Tisa
katika chumba kilichokuwa stoo ya uji;
siku za mvua kuta bado zinanuka wimbi.
Wako sabini na wanane. Nasambu ndiye wa mwisho,
si kwa alama, kwa kiti:
hukalia debe karibu na mlango.

Jumatatu moja alinijia na waya wa breki ya baiskeli.
"Mwalimu, nimetundika gorogoro moja ya mahindi, waya ukasema.
Nikaongeza ya pili, nikitaka useme vilevile, juu zaidi.
Ukakataa.
Ya tatu, bado. Ya nne ndipo ulipokubali,
sauti ileile, imepanda darini.
Kwa nini nne, si mbili?"

Nikamwambia nitamjibu kesho.
Usiku nikafukua vitabu vya chuo chini ya kitanda,
nikakuta jibu, na mende, na aibu yangu.

Chanzo ni litungu la babu yake, mzee Khaemba,
ambalo wasichana hawaruhusiwi kuligusa.
Basi akajiundia lake, la mahesabu.

Huyu nimtie kisanduku kipi?
Sekondari ya karibu haina maabara,
kwa hiyo Sayansi imeshapigwa mstari kwa rula.
Ya sanaa iko ng'ambo ya Nzoia,
nauli yake kuku wawili kwa wiki.

Waliita kikao cha maoni ya umma, ukumbi wa kanisa,
dakika mbili kwa kila mtu, na soda.
Nikasema: mageuzi haya ni koti zuri,
ila limepimwa kwa mtu wa kimo cha kati.
Mfupi atakunja mikono. Mrefu je?
Afisa akainua kalamu:
"Wako wangapi, mwalimu, hao warefu?"
"Kwangu, mmoja."
Ukumbi ukacheka. Hata mimi nilicheka kidogo.
Akaandika: mmoja. Akafunga daftari.

Sisemi awekwe kabatini kama kikombe cha mashindano.
Wale sabini na saba nao wananidai;
Wamalwa hajajua kugawanya, na kosa si lake.
Lakini mtoto asiyejibiwa hujifunza kunyamaza,
na hilo ndilo somo
analofaulu upesi kuliko yote.

Mwisho wa kutuma ni kesho, Ijumaa.
Leo mtandao umelala. Mkuu anaipiga kompyuta ubavuni
kama ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa,
nami, Mungu nisamehe, nimefurahi.
Fomu yake iko mfukoni mwangu.
Nimeikunja.

Nyuma ya jiko la shule nasikia waya ukijaribiwa.
Ametundika ya tano. Ya sita.
Najua anakoelekea: kumi na sita.
Naingia stoo, naanza kuhesabu magunia.